Maneno Sitini na Hundi ya Dola 600: Barua kwa Baba kutoka Oakland

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba goti limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo, na mjukuu wako amenipita kimo.

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza inakuwaje nchi inayompigia kura hakimu na hata mkuu wa polisi wa wilaya ipigane vita zaidi ya miaka ishirini bila mwananchi kuulizwa. Swali hilo sikutaka kulijibu kwa haraka za simu, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba maneno ya sheria husomwa kalamu ikiwa mkononi.

Basi nilichukua kalamu. Sentensi iliyompa rais wa Marekani idhini ya kupigana baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ina maneno 60 tu ya Kiingereza. Niliyahesabu usiku, mezani jikoni, nikiweka nukta ya penseli chini ya kila neno kama ulivyokuwa ukifanya kwenye insha zetu. Haitaji nchi ya kupigwa wala siku ya kumaliza, na anayeamua nani alihusika ni rais mwenyewe. Siku tatu baada ya mashambulizi, Baraza la Seneti liliipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kuipinga, na Baraza la Wawakilishi likaipitisha kwa kura 420 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya Barbara Lee, mbunge wa mji huu ninaoishi. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kuwekewa walinzi. Leo ndiye meya wetu, baada ya kushinda uchaguzi maalumu wa Aprili 2025.

Usidhani nimesahau tulikotoka. Agosti 7, 1998 nilikuwa shuleni mlipuko ulipotokea kwenye ubalozi wa Marekani hapo Dar es Salaam, nami nakumbuka ulivyokuja kunichukua kwa miguu kutoka Magomeni, shati limelowa jasho, bila kusema neno njia nzima. Watu 11 walikufa kwetu, na Nairobi zaidi ya 200. Kwa hiyo sisemi kwamba wauaji wale wa al-Qaeda, ndio haohao wa Septemba 11, hawakustahili kusakwa. Ninachosema ni kwamba idhini isiyo na mpaka hufika mahali ambapo waliopiga kura hawakupawaza. Kundi la al-Shabaab halikuwapo kwa jina hilo mwaka 2001, lakini mwaka 2016 serikali ya Obama ilitangaza kwamba nalo linaingia ndani ya maneno yale 60. Januari 5, 2020 kundi hilo lilishambulia kambi ya Manda Bay, kule Lamu, wakafa Wamarekani watatu. Bado sijakutana na mtu hapa mtaani anayekumbuka kuombwa ridhaa ya askari kupelekwa Lamu.

Sasa nikueleze juma moja ambalo kwangu lilifumbua mambo kuliko miaka yote niliyoishi huku. Ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2020. Korona ilikuwa imetukaba, nami nilikuwa nikilea wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, nikirudi nyumbani navua nguo mlangoni kabla ya kumgusa mtoto. Bunge lilikuwa limeahidi kila mtu wa kipato cha kawaida hundi ya dola 600. Wakati huohuo mezani kwa Rais Trump palikuwa na mswada wa kila mwaka wa ulinzi, wenye thamani ya takriban dola bilioni 740. Desemba 23 aliukataa kwa kura ya turufu, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba mswada huo wa majeshi haukufuta Kifungu cha 230, yaani sheria ya mwaka 1996 inayozikinga kampuni za mtandao.

Nacho kifungu hicho ni kifupi, Baba. Kiini chake ni maneno 26, na maana yake ni kwamba kampuni ya mtandao haitahesabiwa kuwa mchapishaji wala msemaji wa maneno yaliyoletwa na mtu mwingine. Mtu akiandika tusi juu yako ukutani kwa jirani, utamshitaki aliyetukana, si mwenye ukuta.

Seneta Bernie Sanders alipoona wakubwa wanaharakisha kuuokoa mswada wa ulinzi, alikataa kuwaachia njia. Alichelewesha kura ya kulipindua katazo la rais, akidai kwanza Seneti ipige kura ya kuongeza hundi zetu zifike dola 2,000, nyongeza ambayo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshaipitisha, na ambayo Trump mwenyewe alikuwa ameiomba. Mitch McConnell, kiongozi wa Seneti wakati ule, akaifunga nyongeza hiyo katika mswada mmoja pamoja na kufutwa kwa Kifungu cha 230, fungu ambalo kila mtu alijua halingebebeka. Januari 1, 2021 fedha za majeshi zilipita kwa kura 81 dhidi ya 13. Hundi zikabaki dola 600. Yangu ilimalizikia kwenye kodi ya nyumba na viatu vya mtoto.

Siku nne baadaye jimbo la Georgia lilirudia uchaguzi wa maseneta wawili. Raphael Warnock na Jon Ossoff wa chama cha Democratic walikuwa wamewaahidi watu zile dola 2,000, wakashinda wote wawili, Seneti ikatoka mikononi mwa Republican ikaingia mikononi mwa Democratic, na Machi tukapata dola 1,400 zilizokuwa zimebaki. Hapo ndipo nilipoamua kwamba nikipata uraia nitapiga kura, na nitabisha hodi milango ya watu kuwaombea kura wagombea wa mrengo wa kushoto, wa akina Sanders, ingawa najua ulivyoumia niliporudisha pasipoti yetu.

Katika suala la mitandao, hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wote. Wako wanaotaka Kifungu cha 230 kifutwe chote, kwa hasira ya uongo na chuki inayosambazwa. Mimi naogopa kwamba kampuni ikijua itashitakiwa kwa kila neno la kila mtu, itafuta kwanza maneno ya wanyonge wasio na wakili: mama anayelalamikia polisi, kijana anayeonyesha nyumba iliyopigwa bomu. Ron Wyden wa Oregon, mmoja wa wawili waliokiandika kifungu hicho, alipinga vita vya Iraq mwaka 2002, na sidhani ni bahati tu kwamba mtu huyohuyo alijali mambo hayo mawili.

Lakini kuna jambo ambalo mfano wangu wa ukuta haulifikii. Mwaka jana mjukuu wako alitazama video moja ya shambulio la bomu, kwa udadisi wa kitoto. Kufikia usiku programu ile ilikuwa imemletea nyingine nyingi ambazo hakuzitafuta, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Nilimkuta chini ya shuka, uso umemulikwa na simu, hapepesi. Mwenye ukuta hapo hakukaa kimya. Alimshika mtoto mkono akamzungusha mji mzima kumwonyesha maiti. Kwa kitendo hicho, ambacho ni chake mwenyewe wala si cha aliyeweka video, naamini anapaswa kujibu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ililikwepa swali hilo, yaani kama Kifungu cha 230 kinaikinga kampuni hata kwa yale inayoyapendekeza yenyewe. Nairobi wametangulia: Aprili 2025 mahakama ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Waethiopia wanaodai kwamba mfumo wa Facebook ulisukuma mbele maneno ya chuki wakati wa vita vya Tigray, na mmoja wao ni mtoto wa profesa aliyeuawa.

Swali lako, basi, nalijibu hivi: hapana, hatuulizwi, na wengi katika wawakilishi wetu hupendelea wasiulizwe pia. Juni 2025 ndege za Marekani zilipiga vituo vya nyuklia vya Iran bila Bunge kupiga kura. Seneta Tim Kaine alipoleta azimio la kumtaka rais aombe idhini kwanza, liliangushwa kwa kura 53 dhidi ya 47. Angalau safari hiyo majina yaliandikwa, na ninapobisha hodi milangoni huwa nimeyabeba.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi yenye ile sentensi ya maneno 60, na chini yake tafsiri yangu ya Kiswahili, ambayo nataka kuwasomea Watanzania na Wakongo tunaokutana nao hapa. Naomba uisahihishe kwa wino mwekundu unirudishie, hasa pale nilipoandika “nguvu zote za lazima na zinazofaa”, maana sijaridhika na neno “zinazofaa”.

Nisalimie Mama, umwambie kanga zimefika salama. Shangazi naye mpe shikamoo yangu.

Mwanao akupendaye