Kwa Hamad, kuhusu l iliyodondoka

Wete, Pemba

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, pamoja na kicheko chako cha mwisho. Unasema watu wa kale walikufa na ndimi zao, hawakuandika wala hawakurikodi, basi huyo anayejidai kujua walivyotamka ana tofauti gani na mpiga ramli? Ningekujibu kwa sauti, lakini haya ni mambo ya kutazamwa kwa jicho. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na maandishi ili tuyamalize, maana hayana mengi. Al-Masudi wa Baghdad, yule msafiri na mwandishi wa Kiarabu, alifika kisiwa cha Qanbalu karne ya 10, na wengi wanaamini Qanbalu ni huku huku kwetu Pemba. Akaandika kwamba wafalme wa Zanj, yaani watu wa pwani hii ya Afrika Mashariki, huitwa waqlimi, neno ambalo wataalamu wengi wanalisoma kuwa ni "wafalme". Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini ni ya Kiarabu. Barua za Kiswahili za zamani tulizonazo ni zile za Kilwa zilizohifadhiwa Goa, Bara Hindi, nazo ni za kuanzia 1711. Ukitegemea karatasi peke yake, basi kweli, ramli tupu.

Lakini ushahidi mkubwa unao wewe mwenyewe mdomoni, na kila siku unautoa bure. Sema "kaa". Sasa mkataze mtoto asikae juu ya jamvi la karafuu. Utamwambia "usilikalie". Vaa inazaa valia, nunua inazaa nunulia, chukua inazaa chukulia, kimbia inazaa kimbilia. Hiyo l inatoka wapi? Skuli hatukufundishwa, na hata mtoto ambaye hajaanza chuoni hakosei.

Nakujua, utaniambia imetiwa tu ili irabu zisigongane. Haya, tuone. Fa inazaa fia. Pa inazaa pea. La inazaa lia. Hapo mbona l haikuja kuamua ugomvi? Haikuja kwa sababu vitenzi hivyo havikuwa nayo mwishoni tangu asili. Mwenye l yake ndiye anayerejeshewa. Kaa ilikuwa kala, vaa ilikuwa na l, na chukua vilevile. Zamani l ya mwisho wa mzizi ikadondoka, isipokuwa pale ilipokingwa na kiambishi, nayo ndiyo tunayoisikia mpaka leo.

Mpaka hapa ni dhana nzuri tu, na unayo haki ya kuikataa. Lakini wewe uko Mombasa, nami ndiyo maana nakuonea wivu. Teremka Kongowea uwasikilize Wagiriama. Mvua wanaiita mvula. Njia wanaiita njira, na kulia, kule kwa machozi, wanasema kurira. Panda feri ya Likoni uende kwa Wadigo, ni hayo hayo. Wao sauti ile wameitunza, penye i wakaigeuza r. Tazama hiyo "lia" yetu: l ya mwanzo imeshikilia, ya pili imeporomoka. Ndivyo ilivyokwenda kwa wingi, ya mwanzo wa mzizi ikabaki (lima, lipa, lewa), ya mwisho ikaenda zake. Wapo wakaidi, kama lala na kale, wala hawaniumizi kichwa. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika kitabu kizima mwaka 1993 juu ya jamaa hii ya lugha, wanayoiita Sabaki kwa jina la mto wa huko huko Kenya. Humo wamo Waswahili, Wamijikenda (ndio hao Wagiriama, Wadigo na ndugu zao), Wapokomo, Wakomoro na Waelwana. Hawakuikusanya kwa kufanana kwa sura. Waliuliza ni mabadiliko gani lugha hizi zimeyapitia kwa pamoja na jirani zao hawakuyapitia.

Sasa nikupe lile ninalolipenda kuliko yote. Sheria hizi zina wakati wake, halafu hufa. Kwa nini tunasema mali, hali, kalamu, dalili, na l zao ziko salama baina ya irabu? Kwa sababu maneno haya ya Kiarabu yalipoingia kwa wingi, sheria ilikuwa imeshakufa. Yangewahi mapema, kalamu leo ingekuwa kaamu. Kwa hiyo bila ya karatasi hata moja tunajua lipi lilitangulia: kwanza l ilidondoka, ndipo kalamu ikaja. (Usije ukanitolea "sahaulika" kama hoja. Kweli sahau ni ya Kiarabu na haikuwa na l yoyote. Lakini watu waliokwisha kuzoea chukua na chukulia waliitendea sahau kama mwenyeji. Mazoea nayo hutunga kanuni zake.)

Jingine. Apikaye ni mpishi, aandikaye ni mwandishi, afuataye ni mfuasi, alewaye ni mlevi. K imekuwa sh, t imekuwa s, w imekuwa v, zote mbele ya i. Vizuri. Basi mbona tunasema pikia wala si pishia? Mbona ni kiti, wala si shiti? Masikioni mwetu i ni hiyo hiyo moja.

Leo ni moja. Zamani zilikuwa mbili. Kibantu cha mwanzo, mzazi wa lugha zetu hizi, kilikuwa na irabu saba, na i ya juu kabisa, ile ya mpishi, ndiyo iliyokuwa ikizibana konsonanti mpaka zikatoa sauti ya kuvuma. I ya kiti ilikuwa nyingine, ya chini yake kidogo, na haikuwa na ubavu huo. Baadaye zikaungana, na upande wa u pia ikawa vivyo hivyo, tukabaki na irabu tano. Kazi ya ile ya juu imebaki kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Na kama hapa pia unanuka ramli, Wasukuma hadi leo wana irabu saba, wako hai, waulize. Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, alikwisha kuyapanga mambo ya namna hii mwaka 1899. Rafiki, kwa upande wake, ametoka kwenye Kiarabu baada ya hayo yote, ndiyo maana nakuita rafiki na si rafishi.

Mahali ninapokubaliana na kicheko chako ni kwenye miaka. Njia hii inakwambia lipi lilitangulia lipi, haikwambii mwaka. Miaka ya 1950 mtaalamu wa lugha Morris Swadesh alijaribu kuhesabu miaka tangu lugha zilipoachana, akidhani maneno ya msingi hupotea kwa kasi moja kila mahali. Lugha hazina kasi moja, na mimi hesabu zile sizitegemei.

Halafu hao wakwe zako unaowacheka kwa kusema mato, nti na mtele. Hawajakosea macho, nchi na mchele. Palikuwa na sauti moja ya zamani, huku ikaangukia ch, kwao ikaangukia t, na kila upande umefuata kanuni yake bila ya kuyumba. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa mwaka 1928, tena mkutano wenyewe ulifanyika huko huko Mombasa. Ule ulikuwa uamuzi wa serikali za kikoloni na wamisionari, sauti za maneno hazikuhojiwa. Kama wangekiteua Kimvita, leo mwalimu angekuwa anatuchapa sisi kwa kusema macho.

Nina ombi. Kabla hujamuuliza Mgiriama yeyote, andika kwanza wewe unavyodhani atasema kwa maneno haya: mume, kukaa, Mungu. Tumia hiyo l tuliyoizungumza. Kisha muulize, unitumie vyote viwili, ulivyodhani na alivyosema. Nunua usimuulize, maana atakwambia gula, na hilo ni neno jingine kabisa.

Karafuu zimeanza kuiva, na wachumaji hawapatikani kirahisi. Mama anakusalimu, anataka kujua utakuja lini. Wasalimie wakwe zako wote, na watoto.

Wassalaam,
Ndugu yako Khamis