Boga Lililojiotea

Tanga

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama umfikishie zake. Barua yako nimeipata. Hilo boga lililojiotea kando ya shimo la taka tafadhali usiling'oe! Mbegu ilitupwa pamoja na maganda ya jikoni, ikakuta mbolea iliyoiva na unyevu wa kutosha. Ndiyo maana linatambaa kwa kasi hivyo.

Unasema maua ni tele ila boga huoni. Usiwe na wasiwasi. Maua dume hutangulia, na wiki moja au mbili zinaweza kupita kabla jike la kwanza halijachanua. Dume hukaa juu ya kikonyo kirefu, chembamba. Jike hukaa karibu na shina, na chini yake pana kiboga kidogo kama gololi, tayari kina umbo lake. Kiboga hicho kikigeuka njano na kudondoka, mara nyingi ni kwa kuwa nyuki hawakufika.

Basi fanya kazi yao wewe. Amka mapema, maana maua hufunguka alfajiri na kufikia saa nne huanza kujifunga. Chuma dume lililochanua asubuhi hiyohiyo, nyofoa majani yake ya njano mpaka ibaki ile ncha ya katikati yenye ungaunga. Ipakaze taratibu katikati ya ua jike, kila upande. Dume moja latosha majike mawili. Mvua ikinyesha, ungaunga ukilowa haufai. Ngoja ua lingine. Baada ya siku chache utakiona kiboga kinavimba, na hapo, shoga yangu, utacheka peke yako bustanini.

Kikishika, kifunike kwa mfuko wa kaki. Nzi wa matunda hutoboa ganda changa na kutaga ndani, boga likaoza bado liko shambani. Lililooza usiliache chini, lifukie kwa kina cha futi mbili.

Mboga ya majani pia unayo hapo. Chuma machanga ya matawi ya pembeni, bila kuupukutisha mmea mzima, kwani majani ndiyo yanayolisha boga. Vunja kikonyo kwa nyuma uvute zile nyuzi mpaka ziachane na jani. Ukiziacha, mboga hukwaruza koo. Kisha tui la nazi, basi.

Na unapopalilia, tazama kabla ya kung'oa. Mchunga na mchicha pori hujiotea vilevile, na ni mboga nzuri.

Boga limekomaa ukucha usipoingia kwenye ganda na kikonyo kikiwa kimekauka. Likate uache kikonyo cha inchi mbili au tatu, la sivyo huoza mapema.

Jambo moja usilipuuze: mbegu ya jalalani haijulikani ilichanganyika na nini, maana nyuki huweza kuleta unga wa boga la aina nyingine lililo jamaa yake ya karibu. Kabla ya kupika, gusisha kipande kibichi kwenye ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema, boga zima utupe. Uchungu ule ni sumu, na moto hauuondoi.

Likiwa tamu, niwekee mbegu. Zioshe utelezi wote, zianike kivulini mpaka ukiikunja moja ivunjike, uzifunge kwenye karatasi, si kwenye nailoni.

Wako,
Mwanaidi