Maktaba ya Aleksandria haikuangamizwa na moto mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala yenu iliyodai kwamba Maktaba ya Aleksandria, nchini Misri, iliteketea yote kwa moto uliowashwa na majeshi ya Julius Caesar, jemadari wa Kirumi. Moto huo wa mwaka 48 KK ulikuwapo, lakini maktaba ilikwisha kudhoofika karibu karne moja kabla, pale mfalme wa Misri, Ptolemy VIII, alipowaandama wanazuoni mwaka 145 KK hata wakatawanyika, akiwamo Aristarchus, mkuu wa maktaba.

Wafalme waliomtangulia walikuwa na uchu wa vitabu kiasi kwamba, kwa mujibu wa tabibu Galen, meli zilizotia nanga zilipekuliwa, vitabu vikachukuliwa na kunakiliwa, kisha mwenyewe akarudishiwa nakala badala ya kitabu chake (wizi wa kistaarabu, ukipenda). Vitabu hivyo vilikuwa magombo ya mafunjo (karatasi ya matete), nayo huoza na kuliwa na wadudu. Yakikosa mtu wa kuyanakili upya, hayahitaji moto ili yapotee.

Napendekeza mchapishe masahihisho, na makala ijayo ieleze kazi ya wanakili wa maktaba hiyo na nani aliyeigharimia.

Msomaji wenu