K mbili tu

Goma, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Barua yako nimeipata, na kicheko chako nimekisikia hadi huku. Eti nimeacha kompyuta nikaenda kucheza na vibao! Basi ngoja nikueleze hivyo vibao vyenyewe: ni herufi za mbao za kuchapia afishi, yale mabango ya kubandika ukutani.

Papa, mzee anayenifundisha kuchapa, ana karakana hapa mtaani Birere, na humo mna droo mbili za herufi za mbao zilizobaki tangu enzi za Wabelgiji. Herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito, ghali, na zikipoa vibaya zinapasuka. Ndiyo maana mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipopata mashine ya kuchonga za mbao kwa haraka, wenye afishi walimkimbilia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kwaya: KARIBUNI WOTE KWENYE TAMASHA LA KWAYA. Nikafungua droo. E zimejaa, nyingine na vikofia vyao vya Kifaransa kichwani. K mbili. W moja. Umeelewa? Zilinunuliwa kwa ajili ya Kifaransa, na Mfaransa K ya nini? Sisi bila K hata "kitu" hatuandiki.

W tulizoongeza ni M zilizosimamishwa kichwa chini. Anayepita barabarani haoni. K ndiyo ilitutesa, maana mkuu wa kwaya alitaka neno KWAYA liwe kubwa kuliko yote, na droo ya herufi ndefu kama kiganja haina K hata moja. Papa alishauri tukuze TAMASHA. Mteja akakataa katakata. (Siku hizi nikiona afishi za kale zenye herufi nene, nyembamba, ndefu, zote kwenye karatasi moja, sisemi tena ni mapambo. Nahisi mtu aliishiwa herufi.)

Nikaenda kwa fundi wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Jioni moja tu akaniletea K safi, imepigwa msasa mpaka inateleza. Tukaifunga kwenye fremu, tukakaza kabari, tukapitisha rola ya wino. Ikatoka imegeuka, miguu inaelekea kushoto! Fundi aliichonga kama tunavyoisoma, nami sikumwambia kwamba ikichapwa hugeuka. Tena aliichonga ubavuni mwa ubao, nyuzi za mti zikajichora zote kwenye wino. Ya pili akaichonga kichwani mwa ubao, pale gogo linapoonyesha duara zake, na kinyume. Hiyo ikakubali, ila ilikuwa fupi. Herufi za Kifaransa zina kimo, yaani kutoka chini ya kibao hadi uso unaopakwa wino, cha milimita 23.56, ya kwetu ilipungua kama nusu milimita, na rola ikawa inaipita juu bila kuigusa. Papa akakata karatasi ya daftari, akabandika chini yake. Tukajaribu. Akaongeza. Karatasi tano, ndugu yangu, ndipo K ikatokea.

Afishi moja nimekukunjia humu. Tazama K ya KWAYA, mguu wa chini: umefifia, nilichoka nikaiacha hivyo.

Sasa ombi. Huko Lubumbashi ukikuta mtu anauza droo za namna hii, usihangaike na E. Nitafutie K na W. Pima kimo kabla ya kulipa. Wakikuuzia za Uingereza, zile za 23.32, chukua tu. Daftari bado lina karatasi.

Wasalimie mama na watoto.

Wako wa dawati moja