Watafiti wetu wanahitaji nauli na kibali, ngao baadaye

Mhariri,

Msimu wa mahafali vyuoni huja na tuzo zake: mfadhili bora, mhadhiri bora, hata mwanafunzi nadhifu. Kwa kuwa nilikuwa afisa wa probesheni hapa Mombasa, yaani msimamizi wa waliohukumiwa vifungo vya nje, huwa naalikwa kukaa viti vya mbele, na bado sijaona tuzo ya masomo ya uhalifu na haki inayomtafuta mwanamke au mtoto wa jamii ndogo aliyeandika jambo ambalo sisi wa mahakamani hatukulijua.

Wenzetu Marekani wanazo, na hawakuzipata kwa hisani. Jumuiya ya wasomi wa uhalifu ya huko, American Society of Criminology, iliundwa 1941. Mwanamke wa kwanza kuiongoza, Joan McCord, aliingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake walikuwa wameshaunda kitengo chao ndani ya jumuiya mwaka 1984, na leo kinatoa tuzo zake chenyewe, ikiwemo ya mtafiti chipukizi. Watafiti weusi na wa jamii nyingine nao wana kitengo, na tuzo yenye jina la Coramae Richey Mann. Jumuiya yenyewe ina ufadhili wa wanafunzi wa uzamifu uliopewa jina la Ruth D. Peterson, mwanamke mweusi aliyekuwa rais wake 2016.

Huyo McCord nimseme zaidi, maana kazi yake iliniondolea raha nilipoisoma. Karibu na Boston, mwaka 1939, ulianza mradi wa Cambridge-Somerville uliochukua wavulana zaidi ya 500. Nusu yao walipewa washauri, wakatembelewa nyumbani, wengine wakapelekwa kambi za likizo. Wengi walisema wamesaidika. McCord akawatafuta miaka thelathini baadaye, wakiwa watu wazima, akakuta waliosaidiwa wana hali mbaya kuliko wenzao walioachwa. Mtu aliyekula mshahara wa kuketi na vijana na kuwashauri haipokei habari hiyo kwa tabasamu. Lakini nani hapa Pwani amewafuata vijana waliotoka Borstal ya Shimo la Tewa, yaani jela ya kurekebisha vijana, akawauliza maisha yalikwendaje?

Na wasichana je? Wao hupelekwa Borstal ya Kamae, upande wa Kamiti, Nairobi. Mama muuza mahamri wa Kisauni akitaka kumwona mwanawe, ni basi la usiku kwenda na jingine kurudi, na biashara imelala. Wako pia wanawake wa gereza la Shimo la Tewa wanaokaa ndani na watoto wao wachanga, kwa kuwa sheria inawaruhusu hadi mtoto afikishe miaka minne. Nimeona watafiti wakishuka kutoka bara na fomu za Kiingereza, wakijaziwa majibu na mzee wa mtaa, wakaondoka jioni. Mambo ya nauli ya Kamae hayamo kwenye fomu, maana aliyeiandika hajui kama yapo.

Kuna binti Mmakonde wa Kwale aliyekuja kwangu na daftari lake. Babake hakuwa na kitambulisho mpaka jamii yao ilipotembea kwenda Nairobi kudai uraia mwaka 2016, ingawa babu zao walikuja kutoka Msumbiji kulima mkonge tangu enzi za Mwingereza. Alitaka kuandika jinsi mtu asiye na kitambulisho anavyogeuka mshukiwa kila anaposimamishwa na askari, kwa kuwauliza jirani zake kwa lugha yao. Ofisi moja ikamwambia alete barua, nyingine ikamwambia barua imeandikwa vibaya, na pesa za kuchapisha na za matatu zikamwishia. Akabadilisha mada, akaandika kuhusu ulinzi wa maduka makubwa. Akafaulu, si haba.

Ndiyo maana sitaki tuzo ya ngao na picha na mheshimiwa. Chuo chochote cha Pwani kinachofundisha masomo haya kitenge fungu dogo kila mwaka la nauli, uchapishaji na ada ya kibali cha utafiti, na mhadhiri mmoja apewe jukumu la kuzifuata barua za Magereza mpaka zijibiwe. Anayeshinda akatangazwe kwenye baraza la mtaa alikofanyia utafiti, kwa Kiswahili, wenyeji wamuulize maswali. Nadhani hapo ndipo jasho litamtoka, kuliko mbele ya maprofesa.

Najua watakaosema ni upendeleo, na kwamba tangu Martha Koome awe Jaji Mkuu mwaka 2021 wanawake wamefika. Yeye amefika, na nilishangilia. Ila Katiba, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuzipa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu, na sioni kwa nini mpango huo usiguse Mmakonde au Mpemba anayetaka kusomea uhalifu.

Jopo la kuchagua lisijae maprofesa peke yao. Aweko karani wa mahakama, askari jela wa kike, na mama aliyewahi kufungiwa mtoto. Mimi nitasoma tasnifu hizo bure. Miwani mipya ninayo, na kutwa niko barazani.

Afisa mstaafu wa probesheni,
Mtopanga, Mombasa