Asante baada ya usaili: barua kwa vijana wanaotafuta kazi Mtwara na Lindi

Wajukuu zangu,

Marahaba, nyote mnaopita barazani kwangu Chikongola na bahasha za kaki mkononi. Ijumaa iliyopita walikaa hapa watatu waliotoka usailini, kola bado zimelowa jasho, wakaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengi: "Babu, tuwatumie asante au tunyamaze?" Mmoja alikuwa ameshaandika kwenye simu, anangoja neno langu abonyeze. Wa pili akasema huko ni kujipendekeza, unamshukuru vipi mtu ambaye hajakupa kitu? Wa tatu alikuwa anakula muhogo. Niliwajibu nusu nusu kwa sababu adhana ya alasiri ilikuwa inaita. Leo najibu kamili, tena mbele ya wote, maana nimechoka kurudia.

Kwanza mjue nazungumza kama nani. Niliajiriwa 1979, nikastaafu 2017 nilipotimiza miaka 60, na muda wote huo nilikuwa karani wa masijala. Masijala ni chumba ambacho hakuna mwajiriwa anayekililia, lakini hakuna barua iingiayo ofisini isipite pale: inagongwa muhuri, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa wino mwekundu, inafungwa kwenye jalada, ndipo inapanda kwa mkubwa. Nimesoma asante nyingi kuliko mlizowahi kuandika. Tangu nistaafu, mwenye ghala mmoja wa korosho huniita kila msimu unapokaribia nikae naye kusaili makarani na watunza ghala. Kwa hiyo zimenipitia mikononi kama karatasi, na zimeniingia masikioni kama msaili.

Na mimi mwenyewe niliwahi kuandika. Baada ya usaili wangu nilikaa chini ya taa ya chemli nikaandika kurasa tatu, kuanzia "Kwa heshima na taadhima" mpaka "Wako mtiifu", nikaipeleka kwa mguu. Nikaajiriwa. Mwezi wa tatu, napanga majalada, nikaikuta barua yangu: folio ya 14, muhuri umepinda kidogo, na pembeni mkubwa ameandika kwa penseli: "Mwandiko mzuri. Maneno mengi. Apelekwe masijala." Sikuwa nimeomba masijala mimi, niliomba uhasibu. Basi mtu akiniuliza kama barua ya asante inasaidia, huwa nasema inategemea unataka ikufikishe wapi.

Tusidanganyane, desturi hii haikutoka kwetu. Marekani ni ya siku nyingi, wanafundishwa hata vyuoni. Huku kwetu mimi nilianza kuisikia walipofika wageni wa gesi, miaka ile ya kuelekea 2015, bomba la Dar es Salaam na kiwanda cha saruji vilipozinduliwa. Kulikuwa na semina Shangani kila wiki: namna ya kukaa kwenye kiti, namna ya kumtazama msaili machoni (bibi zenu wangeshangaa), namna ya kuandika asante. Wageni wengi wameshafungasha, mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi bado tunauzungumza, lakini yale ya semina yamebaki kwenye simu zenu.

Lakini kushukuru hakukuja kwa meli. Mwezi wa Ramadhani jirani akikuletea sahani ya futari, sahani hairudi tupu. Utaweka ndimu mbili, utaweka embe, utaweka konzi ya karanga, hata kama nyumbani mambo yamebana. Mama aliyeirudisha sahani tupu husemwa kisimani mwaka mzima. Mimi naipima asante ya usaili kwa kipimo hicho. Ukiandika "Nashukuru kwa muda wenu wa thamani, natumaini kusikia kutoka kwenu", umerudisha sahani tupu, tena haujaiosha.

Ngoja niwaonyeshe iliyokuwa na kitu.

Msimu wa juzi tulimsaili binti mmoja kutoka upande wa Newala, nafasi ya mtunza ghala. Nilimuuliza mimi: "Gunia limeingia na kilo zake zimeandikwa, baada ya mwezi unalipima limepungua. Unafanya nini?" Akajibu haraka, "Namwambia msimamizi," akanyamaza. Jibu la mtoto wa shule. Nikaandika alama ya katikati, tukaendelea. Saa moja jioni ile, simu ya mwenye ghala ikalia. Meseji ya kawaida, hata WhatsApp haikuwa. Nimeinakili kwa idhini yake, jina nimeliacha:

"Shikamoo Mkuu. Ni mimi niliyesailiwa leo saa nne kwa nafasi ya mtunza ghala. Asanteni kwa kunisikiliza. Swali la gunia lililopungua nilijibu kwa haraka. Kabla ya kwenda kwa msimamizi ningepima tena kwa mizani nyingine, kisha ningetazama tarehe lilipoingia na kipimo cha unyevu siku ile, kwa sababu korosho hunyauka. Kama limepungua kuliko unyaufu wa kawaida, hapo kuna mkono wa mtu. Cheti halisi cha kidato cha nne nitakileta Jumatatu kama mlivyosema."

Mnaona? Asante yenyewe ni maneno matatu. Vilivyobaki ni vitu. Ametukumbusha yeye ni nani, maana siku ile tulisaili watu wengi na sura zilishachanganyika. Amelirudia swali lililomshinda, akalijibu kama mtu aliyewahi kulala jirani na magunia. Na hilo swali si la mtihani tu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa karatasi ya kilo zake) uanze huku kwetu 2007, ugomvi kati ya mkulima, chama chake cha msingi cha ushirika na ghala mara nyingi unazaliwa hapohapo, kwenye kilo zilizopotea, huyu anasema unyaufu na yule anasema wizi. Kisha akamaliza na ahadi ya Jumatatu, na Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni na cheti.

Alipata kazi. Ila sitaki mwende kutangaza kwamba meseji ndiyo iliyompa. Mwenye ghala alishampenda tangu usailini kwa sababu alihesabu magunia ya mstari wa kwanza kwa macho wakati anangoja, akapatia. Mimi ndiye niliyebadilishwa na meseji, na mimi ni mzee wa kuitwa tu, sina kura kubwa.

Sasa zile nyingine. Msimu uliopita jioni ya siku ya usaili zilikuja asante sita. Nne zilifanana neno kwa neno. Nne! "Nimevutiwa sana na maono ya kampuni yenu." Ghala lile lina mizani mbili, feni bovu na paka. Maono yapi? Mmoja hata hakusoma alichotumiwa na ile programu ya simu inayowaandikia siku hizi, akatuma pakiwa na mabano na ndani yake "andika jina la kampuni hapa". Tulicheka mpaka chai ikapoa, na sidhani kama kuna aliyelitazama tena jina lake usiku ule. Mwingine alitushukuru kwa usaili wa udereva. Hatukuwa na gari.

Na yupo aliyekuwa wa kwanza kabisa kwa alama, kijana wa Nanguruwe, akajiharibia mwenyewe. Asante yake ilikuwa nzuri. Kesho yake akatuma "nakumbushia". Keshokutwa akapiga saa kumi na moja alfajiri, "Mzee, nilikuwa nasalimia tu." Siku ya nne akampigia shemeji wa mwenye ghala. Mwenye ghala akaniambia, "Huyu nikimwajiri, siku akidai mshahara atapigia mpaka mkwe wangu." Asante ni moja. Ikishatoka, kaa na simu yako, nenda kalime.

Iende lini? Siku ileile kabla watu hawajalala, ikishindikana kesho yake asubuhi. Ofisi ndogo kama ya yule mwenye ghala huamua usiku uleule. Iende kwa nani? Kwa yule aliyekuita, kwa njia aliyokuitia: akikuita kwa barua pepe jibu kwenye barua pepe ileile, akikuita kwa meseji, meseji. Usiende kuitafuta namba ya mkurugenzi kwa binamu yako. Na lugha iwe ile mliyosailiana nayo. Kama shirika limekusaili kwa Kiingereza, andika Kiingereza chepesi unachokimudu. Kama umesailiwa kwa Kiswahili, usigeuke Mwingereza ukifika nyumbani. Wala usianze na "Husika na somo tajwa hapo juu". Hiyo ni lugha yetu ya masijala, mtuachie.

Hayo yote ni ya kwa watu binafsi: maghala, hoteli, mashirika, viwanda, shule za binafsi. Serikalini ni habari nyingine, na hapa naomba aliyekuwa anasinzia aamke.

Ajira za utumishi wa umma zikipitia Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo, unaitwa kwenye mfumo, unapita mchujo wa maandishi, ukifaulu unakwenda mahojiano, na kwa kada nyingine kuna vitendo kati. Alama zinaandikwa papo hapo. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina linaweza kukaa kwenye kanzidata. Hakuna mlango hata mmoja hapo ambao asante yako ingeingilia. Wale waliokuuliza maswali hutakiwi kuwa na namba zao. Ukiitafuta ukaipata, ukamtumia mmoja wao hata neno moja la heshima, umemweka pabaya: akikupa alama nzuri itaonekana mnajuana, na yeye akiwa mtu makini atakwenda kusema. Asante ya serikalini ilipe pale pale, kwa mdomo, unaposimama: "Nashukuruni, wakubwa." Sukuma kiti mahali pake. Toka.

Najua kuna wanaojisemea, Babu kasema sahani isirudi tupu, basi nitie kitu. Ndugu zangu! Kitu ninachosema ni maneno yenye maana. Ukimpelekea msaili kilo ya korosho iliyobanguliwa, au "ya soda" kwenye simu, jina lake si asante hata ukiifunga kwa utepe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiulizi kama korosho zilikuwa za shambani kwenu.

Na mabinti, hili nawaambia kama babu. Msaili akiijibu asante yako saa nne usiku, akikuuliza uko wapi, akitaka mkutane lodge "mmalizie mahojiano", usimjibu kwa adabu kwa kuogopa kukosa kazi. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono. Usifute meseji. Mwonyeshe mtu mzima unayemwamini, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapigiwa 113 bila kulipia. Kama huna wa kukusindikiza, baraza langu lipo.

Ninayoilaumu zaidi ni asante ambayo hamuitumi kabisa. Mnamshukuru mtu mwenye kazi ambayo hamjapewa, na mnawasahau waliokwisha kutoa. Kwenye maombi mnaandika majina ya wadhamini watatu. Juzi mwalimu mstaafu wa Mikindani amepigiwa simu akaulizwa habari za kijana aliyemfundisha miaka mingi nyuma. Hajui kama ameandikwa. Kasimama juani kwenye genge la samaki anamtetea kijana yule kwa dakika kumi, na hadi leo kijana hajampigia hata kumwambia kama alipata. Wengine viatu vya usaili ni vya kuazima, nauli ya kutoka Tandahimba ni ya mama aliyeuza kuku. Anzeni huko.

Na ukikosa kazi, tuma pia. Mistari miwili: umepokea majibu, unashukuru, nafasi nyingine ikitokea ungependa kuitwa. Ile miaka yangu yote ya masijala, barua za namna hiyo hazikufika kumi, na kila moja wakubwa waliniagiza nisiifungie kwenye jalada la walioshindwa, niiweke kando.

Nimalizie kwa usaili wenu wa Alhamisi kule ghalani. Safari hii sitakuwemo, macho yananisumbua na nina miadi hospitali ya Ligula. Asante zenu msinitumie mimi, mpelekeeni aliyewaita. Na yule aliyeniachia mfuko wa korosho mlangoni juzi magharibi, akamwambia mjukuu wangu "ni salamu tu za Babu": mfuko wako nimeuweka kwa mama wa genge hapo kona, haujafunguliwa. Uje uuchukue kabla ya Alhamisi, panya wa kwake hawana adabu.

Babu yenu,
karani mstaafu,
Chikongola, Mtwara