Projekta yako haijaharibika, Mwalimu

Karibu kila muhula tunapigiwa simu ya aina hii: "Fundi, ile projekta mliyotuuzia imekufa." Tunabeba bisibisi na mita, tunadandia bodaboda kutoka Msamvu, Morogoro, na tukifika tunaikuta mashine iko kwenye boksi lake juu ya kabati la mkuu wa shule, imelaliwa na madaftari ya mahudhurio. Tukiichomeka, inawaka.

Walimu si wavivu, tuseme hivyo mapema. Walijaribu mara mbili tatu, kipindi kikaharibika, wakarudi kwenye chaki. Na mara nyingine kosa huwa letu sisi wauzaji. Mwaka wetu wa kwanza tuliiuzia sekondari moja projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) bila hata kwenda kuliona darasa. Madirisha yalikuwa ya nondo, hayana pazia, yanatazama mashariki. Ilipofika saa nne asubuhi jua lilikuwa limejaa ukutani, na mchoro wa moyo wa binadamu ukaonekana kama doa la chai kwenye shuka. Wa nyuma wakapiga kelele: "Mwalimu, hatuoni!" Alikuwa amekesha akiandaa somo lile.

Siku hizi tunaanza na darasa. Kitambaa kizito cha rangi iliyokolea, kikishonwa na fundi cherehani wa mtaani, huokoa picha kuliko kununua mashine ya bei kubwa zaidi. Ukuta nao una mambo yake. Shule nyingi hupaka rangi ya mafuta nusu ya chini ili uchafu ufutike, na rangi ile inang'aa: taa ya projekta inarudi machoni mwa wanafunzi. Tunapaka kipande cha juu rangi nyeupe isiyong'aa, basi. Pazia likishindikana kabisa, tunakushauri runinga kubwa, ila ujue kwamba mkondo wa wanafunzi 80 ukikaa mbele ya runinga ya inchi 55, madawati ya nyuma hayatasoma maandishi madogo.

Halafu kuna dakika. Kipindi ni dakika 40. Ukiifuata projekta ofisini, ukaazima waya, ukangoja kompyuta imalize kujisasisha, robo saa imekwenda. Ndiyo maana tunafunga kila kitu kwenye toroli moja: projekta, spika, kompyuta na UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), nyaya zote zikiwa zimeshachomekwa. Mwalimu anasukuma toroli na kuchomeka plagi moja. UPS si pambo. Projekta za taa ya kawaida zinahitaji feni iendelee kuzunguka baada ya kuzimwa ili taa ipoe, na umeme ukikatika ghafla taa inabaki na joto lake lote.

Swali tunaloulizwa zaidi ni la bando. Mwalimu anafungua video kwa intaneti ya simu yake, alama inazunguka, darasa linaanza soga. Hapa hatuuzi intaneti. Tunafunga kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wake ni kama kadi ya benki, inayotumia umeme wa volti 5 kama chaja ya simu. Ndani yake tunaweka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Masomo yanapakuliwa mara moja hapa dukani, kisha kifaa kinatoa Wi-Fi yake chenyewe shuleni na hakimli mtu bando. Kwa fizikia na kemia tunaongeza PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, ambayo baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka jana kusoma sayansi kwa Kiswahili, tafsiri hiyo ni daraja la kweli.

Tulikaa nyuma ya darasa moja la Kidato cha Pili siku ya kukabidhi mitambo. Mwalimu wa fizikia alijenga saketi kwenye PhET, betri moja na balbu mbili zilizofuatana. Kisha akaweka kitabu mbele ya lenzi, ukuta ukawa giza. "Nikiongeza balbu ya tatu kwenye mstari huu huu, zitawaka zaidi au zitafifia?" Mikono ikanyooshwa, darasa likagawanyika, waliosema zitawaka zaidi wakiwa wengi. Akaongeza balbu, akaondoa kitabu. Zote tatu zilikuwa zimefifia. Kelele zilizopigwa zilimfanya mwalimu wa darasa la jirani aje kuchungulia mlangoni.

Ilimchukua dakika sita, muda uliobaki alirudi ubaoni. Kwa maoni yetu, video ya nusu saa inayochezwa mwanzo hadi mwisho ni mapumziko ya mwalimu, na wanafunzi wanalijua hilo.

Ukitaka tuje, tutumie kwanza picha ya darasa iliyopigwa saa nne asubuhi taa zikiwa zimezimwa, idadi ya wanafunzi wa mkondo mkubwa kuliko yote, na utuonyeshe soketi iko wapi. Hili la soketi usilipuuze. Safari iliyopita soketi ilikuwa nyuma ya darasa peke yake, tukaazima ekstensheni kwa kinyozi wa nje ya geti, naye akaifuata kabla kipindi hakijaisha.